Gari la Kale na Haki ya Mpita Njia

Watu wengi wanapozungumza juu ya maadili hupenda kuanzia kwenye mambo makubwa: vita, uchaguzi, rushwa ya mabilioni, ndoa zilizovunjika. Mimi maisha yangu ya kazi niliyatumia kuwafundisha walimu namna ya kufundisha, na nimezoea kuanzia kwenye jambo dogo lililo mkononi, kwani mwanafunzi hulielewa asilolijua kwa kupitia analolijua. Jambo dogo nililo nalo mkononi leo ni injini ya gari la kale, na swali lake ni hili: itiwe oili gani, na petroli yake ichanganywe na dawa gani?

Najua wapo watakaocheka. Watasema kwamba mzee huyu, baada ya kumaliza habari za malezi na uongozi wa chuo, sasa anatuletea habari za gereji. Naomba wasifunge kitabu. Ndani ya swali hilo la gereji mna swali jingine ambalo kila mmoja wetu hulijibu siku moja, apende asipende. Tukiwa na kitu cha kale tunachokipenda, kukitunza kwa haki ni kufanya nini? Na gharama ya utunzaji huo ailipe nani?

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000, lililotengenezwa Uingereza mwaka 1966. Nililinunua mwaka 1983 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao. Magari ya aina hii yalianza kuonekana mwaka 1948, na aliyeyabuni ni mhandisi Alec Issigonis, ambaye baadaye aliibuni pia Mini. Yalitengenezwa zaidi ya 1,600,000 kabla kiwanda hakijaacha mwanzoni mwa miaka ya 70. Hapa Afrika Mashariki yalikuwa magari ya waalimu, makarani, wauguzi na wachungaji, watu wenye mshahara mdogo lakini wa uhakika. Langu lina injini ya sentimita za ujazo 1098, silinda 4, na silinda hedi ya chuma cha kalibu. Mkumbuke msomaji huyo chuma wa kalibu, maana tutamrudia.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila chombo kimeundwa na mtu fulani, kwa wakati fulani, kwa mahitaji fulani. Mwundaji hakuunda injini peke yake. Alifikiri pia oili iliyokuwapo siku zake na petroli iliyouzwa siku zake. Dunia ile ikipita, injini hubaki kama mzee aliyebaki peke yake katika rika lake. Lugha aliyoizoea haisemwi tena, wala chakula alichokizoea hakiuzwi tena sokoni.

Tuanze na oili. Ukiingia leo katika duka la spea, kijana wa dukani atakuamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha atakuwekea mezani dumu linalong'aa la oili nyepesi kabisa, ya 0W-20, iliyoundwa maabara, yenye bei ya juu kuliko zote rafuni. Atakwambia, "Mzee, hii ndiyo bora kuliko zote, haina mpinzani." Kijana huyo hasemi uongo. Kwa gari lililotoka kiwandani juzi, ambalo vyuma vyake vimechongwa kwa vipimo vya kubana sana, oili hiyo ni bora kweli. Hupenya haraka, na hupunguza petroli inayoliwa.

Lakini injini yangu si hiyo. Namba zile mbili juu ya dumu zina maana. Ya kwanza, yenye herufi W, hueleza oili inavyotiririka wakati wa baridi, na ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Oili yenye namba 50 mwishoni, katika joto hilo, ni nzito takriban mara mbili kuliko yenye namba 20. Katika injini ya kale nafasi baina ya chuma na chuma ni pana zaidi, na miaka imeipanua zaidi. Oili nyepesi mno hupita mle bila kukaa, presha ikashuka, chuma kikagusana na chuma. Tena gasketi zake, ikiwa ni pamoja na ile ya kizibo iliyo chini ya kifuniko cha vali, haziwezi kuizuia oili nyepesi kama gasketi za siku hizi. Kwa hiyo injini hizi hutiwa 20W-50, oili ya kawaida isiyo na majivuno, na hubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, au mapema zaidi kama gari linatembea safari fupi fupi.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Tangu miaka ya 40 oili za magari zilitiwa kiungo chenye zinki na fosforasi, ambacho hujenga utando mwembamba juu ya chuma pale msuguano unapozidi. Utando huo hukubali kulika wenyewe ili chuma kisilike. Injini kama yangu ina tapeti bapa zinazosuguliwa na kamshafti kila zinapoinuka, na bila utando ule huliwa haraka. Lakini fosforasi hiyo hiyo, ikitoka na moshi, huharibu vyombo vya kusafishia moshi vilivyo katika magari mapya. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2004 oili nyepesi za magari mapya ziliwekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, chini ya zile zilizotangulia. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa magari mapya na kwa mapafu yetu. Oili nzito kama 20W-50 hazikufungwa na kikomo hicho, na mwenye gari la kale akisoma maandishi madogo ya nyuma ya dumu ataipata inayomfaa bila kumdhuru mtu.

Aristotle, alipokuwa akieleza kwamba wema ni kiasi cha kati, aliongeza onyo ambalo wengi hulisahau: kiasi hicho si kimoja kwa watu wote. Alitoa mfano wa chakula cha wanamieleka. Sehemu inayomtosha Milo, bingwa wa mieleka, ni nyingi mno kwa kijana anayeanza mazoezi. Nilikuwa nikiutumia mfano huo kwa wanachuo wangu kila mwaka, kwa sababu mwalimu mchanga hudhani haki ni kumpa kila mtoto kitu kile kile. Anaweza kumpa mtoto asiyeona vizuri kitabu kizuri kuliko vyote vya maktaba, akamketisha nyuma ya darasa, kisha akashangaa mbona hasomi. Bora ni kile kinachomfaa anayepewa. Dumu la bei kubwa linaweza kuwa dhuluma kwa injini ya kale kama vile dumu la bei ya kutupa.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza: kukitunza kitu kwa haki ni kukijua kilivyo, si kukipa tunachotamani kukionyesha mbele za watu. Nimewaona watoto wanaompenda sana mama yao mzee, wakamhamishia mjini katika nyumba ya vigae, wakamnyima jembe, jiko la mafiga na majirani. Mwaka haukwisha mama akanyong'onyea. Hawakukosa upendo wala fedha. Walikosa kumwuliza mama.

Tuje kwenye dawa. Rafu za maduka ya spea zimejaa vichupa, na kila kichupa kina ahadi. Hiki huongeza nguvu, kile huzuia moshi, kingine huziba oili inayovuja, kingine "hufufua" injini iliyochoka. Katika vichupa hivyo mna vya kweli na vya uongo, na mwenye gari anapaswa kuvipambanua kama mganga anavyopambanua mizizi.

Njia yangu ya kupambanua ni kuuliza swali moja: dawa hii inaponya au inaficha? Ipo dawa nzito kama asali ambayo wauzaji wa magari machakavu huimimina katika oili siku moja kabla mnunuzi hajaja. Injini iliyokuwa inagonga hunyamaza, moshi hupungua, mnunuzi hutoa fedha zake akaenda kwa furaha, na baada ya wiki mbili mgongano hurudi. Dawa ile haikuigusa injini. Ilimgusa mnunuzi masikio tu. Ndugu wa dawa hiyo ni uchakachuaji, neno lililovuma sana nchini Tanzania mwaka 2010, wakati mafuta ya taa yaliyokuwa na bei ndogo yalipokuwa yakichanganywa katika dizeli na petroli. Mwaka huo mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Injini inayonyweshwa petroli ya namna hiyo hugonga na hupoteza nguvu, na mafuta ya taa yasiyoungua huteremka hadi kwenye oili na kuipunguza uzito. Kwa hiyo kuna nyongeza inayosaidia na kuna nyongeza inayoiba, na zote mbili zinaweza kuwa na rangi moja.

Hapa nataka kuitetea oili yenyewe. Mwenye gari asiyejua huchomoa kijiti cha kupimia, akaona oili imekuwa nyeusi mapema, akalalamika kwamba kauziwa oili mbaya. Mara nyingi ni kinyume chake. Oili nzuri ina dawa ya kusafisha ndani yake. Huubeba uchafu wa injini na kuushika usigande kwenye vyuma, mpaka siku itakapomwagwa pamoja nao. Imekuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi. Oili inayobaki safi katika injini chafu imeuacha uchafu pale pale ulipo. Nimekutana na viongozi wa aina zote mbili, na msomaji bila shaka amekutana nao.

Sasa tumefika kwenye swali gumu, na ndilo lililonifanya niandike. Nilisema silinda hedi ya gari hili ni ya chuma cha kalibu. Siti za vali, yaani pale vali inapokaa inapofunga, zimechongwa humo humo katika chuma hicho laini. Vali ya kutolea moshi hupata moto mkali sana, na kila inapofunga hutaka kushikana na siti yake na kubandua chembe ndogo mno ya chuma. Mara elfu, mara milioni, siti huliwa, vali huzama, na mwisho silinda hupoteza mbano. Kwa nini basi injini hizi zilidumu miaka mingi? Kwa sababu petroli ya siku zile ilikuwa na risasi, na majivu ya risasi yaliweka tabaka jembamba baina ya vali na siti. Injini yangu ilizaliwa katika risasi, ikanyonya risasi, na ilihesabiwa kwamba daima itaipata.

Risasi iliingiaje katika petroli? Mwezi Desemba 1921 huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors waligundua kwamba kiasi kidogo cha madini hayo, kikiwa katika hali ya kimiminika, huzuia injini kugonga. Mwaka 1923 petroli yenye risasi ilianza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey kilichokuwa kikitengeneza kiungo hicho walikufa baada ya kurukwa na akili, na wengine wengi waliugua. Mwaka 1925, katika mkutano ulioitishwa Washington, daktari Alice Hamilton, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya viwandani, alipinga waziwazi. Hakusikilizwa. Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba risasi iliyo katika miili yetu na katika hewa imezidi mno ile ya asili. Mwaka 1979 Herbert Needleman alichapisha utafiti uliopima risasi katika meno ya watoto waliodondosha meno ya utotoni, akaona kwamba waliokuwa na nyingi zaidi walikuwa nyuma kwa akili na kwa utulivu darasani.

Mwalimu hawezi kuisoma habari hiyo kwa moyo mkavu. Nilisimama mbele ya madarasa mwongo baada ya mwongo wakati barabara zetu zote zilipokuwa zikitoa moshi huo. Mtoto asiyetulia tulimwita mtundu. Mtoto asiyeshika hesabu tulimwita mzito. Hakuna anayeweza leo kusema nani alikuwa mtundu tu na nani alikuwa amevuta hewa ya barabarani. Hilo ndilo lililo baya katika sumu ya namna hii: haiachi jeraha lenye jina. Kiswahili kimeyaita madini hayo kwa jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, lakini risasi ya bunduki angalau huacha tundu.

Dunia ilichelewa, lakini ilitenda. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondoka katika nchi zetu. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na tangazo la kumalizika kwake lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa jirani, Nairobi.

Basi injini yangu ikanyimwa. Fundi wangu, kijana mwerevu ambaye baba yake ndiye aliyenifundisha kufungua kabureta, alilisikitikia gari hili kuliko mimi. Siku moja akaniletea habari njema, kama alivyoiona yeye. Ndege ndogo zinazoruka na watalii hutumia petroli yake maalumu, na petroli hiyo hadi leo katika sehemu nyingi za dunia ina risasi. Alimjua mtu wa kumwuzia dumu moja kila mwezi.

"Mwalimu," aliniambia, "injini hii imezoea risasi. Kuinyima ni sawa na kumnyima mzee ugoro wake."

Nikamjibu, "Mzee akivuta ugoro, anayepiga chafya ni yeye mwenyewe. Injini ikivuta risasi, chafya inapigwa na mtoto wa jirani."

Alicheka, lakini hakushindwa. Alikuwa na hoja tatu, na nitaziandika kwa nguvu zake zote, maana mgala muue na haki yake umpe. Kwanza, alisema, gari lenyewe ni moja, tena hutembea Jumapili na siku za soko tu. Risasi yake ni tone katika bahari. Pili, zile ndege zinapita juu ya vichwa vyetu kila siku, na hakuna anayezizuia. Tatu, hata Wazungu waliotunga sheria ya kuizuia waliacha mwanya. Hiyo ni kweli. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1998 iliruhusu petroli yenye risasi isiyozidi asilimia 0.5 ya mauzo yote kwa ajili ya magari ya kale ya aina ya pekee, ikigawanywa kupitia vyama vyao.

Nilichukua kalamu, kama mwalimu afanyavyo akibanwa. Petroli ile ya ndege inaweza kuwa na risasi hadi gramu 0.56 katika lita moja. Tangi la Morris Minor hubeba lita 29 na ushei. Tangi moja lililojaa basi lingeweza kuwa na gramu 16 za risasi, na nyingi zaidi yake ingetoka na moshi. Gramu 16 ni kidogo, uzito wa vijiko vichache vya chumvi. Lakini madaktari wa watoto hawapimi risasi kwa gramu. Wanaipima kwa mikrogramu, na gramu moja ni mikrogramu 1,000,000. Tangu mwaka 2021 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani huhesabu kwamba mtoto mwenye mikrogramu 3.5 katika desilita moja ya damu anahitaji kufuatiliwa. Mtoto wa darasa la kwanza ana damu kama lita moja na nusu, yaani desilita 15. Kwa hiyo risasi iliyomo katika damu ya mtoto huyo ni kama mikrogramu 52. Tangi langu moja lina zaidi ya mara 300,000 ya kiasi hicho.

Haki inanitaka niseme kwamba sehemu kubwa ya moshi huo isingeingia katika damu ya mtoto yeyote. Ingetua barabarani, majanini na mitaroni. Lakini risasi haiozi. Hukaa pale kwenye vumbi, na barabara ninayoshukia mjini inapita mbele ya shule ya msingi, ambapo watoto hucheza gololi chini, kwenye vumbi hilo, kisha hula maandazi kwa mikono ile ile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tone langu si katika bahari. Ni katika uwanja wa shule.

Na hoja ya tone ina udhaifu mwingine. Kila aliyechangia ubaya mkubwa alichangia tone. Hakuna dereva hata mmoja katika miaka 80 ile aliyetia sumu hewa ya dunia. Kila mmoja alijaza tangi lake tu. Tukisema kwamba tone halina mwenyewe, bahari nzima haitakuwa na mwenyewe. Kuhusu ndege, kosa la mwingine halinipi mimi ruhusa, na rubani angalau anaweza kusema amebeba mgonjwa au posta. Mimi nimebeba nini? Ninabeba kumbukumbu zangu. Na kuhusu mwanya wa sheria, sheria hueleza mtu hataadhibiwa kwa lipi. Haimalizi swali la kufanya lipi.

Dumu lile sikulinunua. Lakini kukataa peke yake si jibu, kwani gari bado lilikuwa linalika siti zake, na kuliacha life kwa uvivu, huku nikijisifu kwamba nina dhamiri safi, kungekuwa unafiki wa aina nyingine. Zilikuwapo njia tatu za halali. Ya kwanza ni kuendesha taratibu. Siti huliwa hasa injini inapokimbizwa na kubebeshwa mzigo kwa muda mrefu. Mwenye kwenda polepole hupunguza ulaji huo sana. Ya pili ni dawa za kutia katika petroli badala ya risasi, zenye potasiamu, sodiamu, fosforasi au manganizi. Mwaka 1999, Uingereza ilipokuwa inajiandaa kuacha kuuza petroli yenye risasi, shirikisho la vilabu vya magari ya kale lilizipeleka dawa za namna hiyo kwenye majaribio ya injini. Baadhi zikafaulu na baadhi zikashindwa. Mwenye kuzitumia achague iliyopimwa, ashike hiyo hiyo, asichanganye za aina mbili.

Ya tatu ndiyo ya kuponya: kuifungua silinda hedi, kuipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma, siti laini zikakatwa na mahali pake zikapachikwa siti za chuma kigumu kisichohitaji risasi. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Ni ghali, na mstaafu huilipia kwa miezi kadhaa ya pensheni. Niliilipa. Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo nimeliondolea gari uasilia wake. Nawaambia kwamba gari limebadilishwa pete nne za chuma ambazo hazionekani, ili lisiwe deni kwa mtu asiyelijua. Kama uasilia wa kitu hauwezi kudumu ila kwa mapafu ya mtoto, sioni kwa nini tuuheshimu.

Hapa ndipo jibu la pili linapopatikana. Gharama ya kukipenda kitu cha kale ni ya anayekipenda. Ana haki ya kukitunza, kukipamba, kukilipia na kukisumbukia usiku. Hana haki ya kumtumia bili mpita njia.

Kanuni hiyo ni pana kuliko barabara. Sisi wazee tunapenda kusema kwamba vijana hawaheshimu mila. Mimi ni mzee, na nazipenda mila nyingi. Lakini nikiwa mkuu wa chuo niliwahi kukaa barazani na mzee mwenzangu wa heshima ambaye boma lake la mababu lilikuwa linaanguka, ng'ombe wamekwisha kwa ukame, na njia aliyoiona ya kulisimamisha tena ilikuwa mahari ya mjukuu wake aliyekuwa darasa la saba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtunzaji. Alilipenda boma lile kwa dhati, na boma lilizoea kulishwa namna hiyo tangu zamani, kama injini ilivyozoea risasi. Tulizungumza hadi jua likazama, na sikumwambia kwamba boma halina thamani. Nilimwuliza tu, "Mzee wangu, anayelipa ni nani?" Alinyamaza muda mrefu. Baadaye wanawe waliokuwa mjini walichangishana kila mwezi, boma likaezekwa kwa bati badala ya nyasi, na binti akaendelea na shule. Wapo waliosema boma la bati si boma. Lakini bado linasimama, na watu wake hukutana humo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukirithi kitu cha kale, kiwe gari, nyumba, shamba, desturi au mzazi, usikitupe kwa sababu tu dunia imekipita, wala usikipe kila kilichokizoea kwa sababu tu kimekizoea. Soma maandishi madogo. Kijue kilivyoundwa. Kipe kinachokifaa, hata kama si cha bei kubwa. Ikatae dawa inayoficha. Na kabla hujajaza tangi, tazama barabara utakayopita, uone ni akina nani wanaocheza kandokando yake.